Kusoma alama katika picha za askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Kabla ya kufasiri chochote katika picha ya askari iliyopigwa kati ya 1861 na 1865, hakikisha kwanza kama imegeuka. Nyingi zilipigwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma au la kioo, kwa hiyo zinamwonyesha mtu kama anavyojiona kwenye kioo: herufi U.S. (United States, yaani Marekani) za mkandani husomeka kinyumenyume, na upanga unaoonekana kiunoni kulia kumbe ulining'inia kushoto. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandika askari mmoja kuwa ni mashoto kabla sijautazama mkanda wake.

Kisha jiulize kila kitu kimetoka wapi. Sare na tepe za cheo ni za jeshi, lakini bastola na kisu kirefu vilivyochomekwa mkandani mwa askari wa miguu mara nyingi viliazimwa studio, maana silaha yake ya kawaida ilikuwa bunduki yenye singe. Vitu hivyo vinaeleza alivyotaka kuonekana, si alivyopigana. Hali kadhalika pazia lililochorwa bendera na mizinga: lile la kambi ya Benton, St. Louis, linaonekana nyuma ya askari wengi, hivyo ni ushahidi wa mahali kuliko wa moyo wa mtu. Stempu ya kodi nyuma ya picha huashiria kipindi cha Septemba 1864 hadi Agosti 1866, picha zilipotozwa kodi.

Usizipite rangi. Juu ya picha, vifungo na bamba la mkanda mara nyingi vilipakwa rangi ya dhahabu kwa mkono, na kwa askari weusi dhahabu hiyo ilibeba uzito wa pekee. Julai 1863, huko Philadelphia, Frederick Douglass, mpinga utumwa mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alisema kwamba mtu mweusi akishavaa herufi za shaba U.S., akawa na tai kwenye kifungo na bunduki begani, hakuna awezaye kukana kuwa amestahili uraia.

Itazame kwa makini picha ya askari mweusi asiyejulikana jina, iliyopatikana Cecil County, Maryland, na sasa imo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Yuko na mkewe na binti zao wawili, waliovaa makoti na kofia za kufanana. Katika jimbo ambalo utumwa ulifutwa Novemba 1864 tu, na ambalo sheria yake haikuitambua ndoa ya mtumwa, makoti hayo yasomwe kwa uangalifu uleule unaopewa vifungo vya baba yao.