Kabla Hujaomba Uzamili wa Fiziolojia ya Mazoezi: Maandalizi kwa Walioko Mtwara na Lindi

Anza na swali la mwisho: ukihitimu, utafanya kazi wapi? Fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi, si fiziotherapia, na usajili wa nchi moja hauvuki mpaka wenyewe. Afrika Kusini, anayewahudumia wagonjwa kwa mazoezi huitwa mtaalamu wa bayokinetiki, na ni lazima asajiliwe na baraza la afya la huko, HPCSA. Marekani, cheti cha kliniki cha ACSM, chama cha tiba ya michezo cha huko, humdai mwenye uzamili saa 600 za vitendo, na mwenye shahada ya kwanza pekee saa 1,200. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada, uliza saa za kliniki ni ngapi, na nani huzitafuta, chuo au mwanafunzi. Hapo ndipo wengi huumia, maana hurudi na shahada nzuri ya utafiti wakati walichotaka ni kuhudumia wagonjwa.

Anza kujizoeza kupima watu ukiwa bado nyumbani. Mfano ni kipimo cha kupanda ngazi cha Queens College, kinachokadiria ufiti wa moyo na mapafu. Mpe seremala kipimo cha sentimita 41.3, akutengenezee stuli pana isiyoyumba. Mpimwaji apande na kushuka kwa dakika 3, mwanamume mara 24 kwa dakika, mwanamke mara 22. Akisimama, subiri sekunde 5, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipapasa mshipa hadi nusu dakika ipite, moyo umeshatulia, na mtu ataonekana fiti kuliko alivyo. Usilinganishe kipimo cha alfajiri na cha saa nane mchana: kwa joto na unyevu wa pwani yetu jasho halikauki vizuri, na mapigo hupanda hata kama mwili ni uleule. Mwenye maumivu ya kifua asipande kabisa, aende hospitali. Kwenye presha, mkanda mdogo juu ya mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ya kweli.

Takwimu na kemia zisome upya. Aliyetokea elimu ya michezo hukwama huko kuliko kwenye anatomia.

Nyaraka zikague mapema. Cheti cha kuzaliwa kikisema Muhamadi na cha kidato cha nne Mohamed, rekebisha kabla ya pasipoti. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2, basi usifanye mapema mno. Bajeti yake iwe na nauli ya Dar es Salaam na malazi. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Februari. Kama ada ya maombi inategemea korosho, kumbuka mnada huanza Oktoba na malipo huweza kuchelewa, hivyo tenga fedha ya msimu uliopita.

Unapomwandikia profesa, taja utafiti wake mmoja na swali lako moja, kwa mfano: mapigo ya moyo ya wavuna chumvi hupandaje saa za jua kali?