Somo: Kuisoma pegmatiti kabla hujashika sululu

Wakuu, habari za jioni. Wengi mmeuliza kuhusu mawe meupe yenye ulanga wa zambarau ya kule Hombolo, Dodoma, na kama miamba ya kwenu Chamwino, Bahi au Manyoni nayo inaweza kuwa na lithiamu. Hombolo lithiamu ipo, hilo halina ubishi. Ya kwenu itabidi muiulize miamba yenyewe, na leo tunajifunza jinsi ya kuiuliza, hasa ile iitwayo pegmatiti, yaani mishipa ya mawe yenye fuwele kubwa.

Hatua ya kwanza: jua umesimama juu ya nini. Kanda yetu ya kati imekaa juu ya itale kongwe, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Sehemu kubwa ya itale hii ni tasa, hata iwe inametameta vipi. Madini yanakuja kwa njia hii: magma, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, inapopoa, madini ya kawaida kama feldispa, kwatzi na ulanga mweusi huganda kwanza. Lithiamu, berili, siziamu na tantalamu hazipati nafasi ndani ya fuwele hizo, kwa hiyo hubaki kwenye uji wa mwisho pamoja na maji, boroni, florini na fosforasi. Vitu hivyo huufanya uji uwe mwepesi, usigande haraka, upenye kwenye nyufa za miamba ya jirani. Ukiganda humo, hiyo ndiyo pegmatiti. Mara nyingi zilizo karibu na itale mama ni za kawaida tu. Zilizosafiri mbali zaidi ndizo zenye mali. Kwa hiyo usiishie kwenye mlima wa itale, tembea hadi nje ya ukingo wake.

Hatua ya pili: ukate mwamba kwa macho, kutoka ukingoni hadi katikati. Ukingoni fuwele ni ndogo, zinakua kadiri unavyoingia ndani, na kiini mara nyingi ni kwatzi tupu. Hapa ndipo watu wanapoteza hela: wanabeba kwatzi ya kiini, inayong'aa vizuri, wanaipeleka maabara. Kiini hicho kwa kawaida hakina kitu. Chukua sampuli kwenye kanda zinazokizunguka, kila kanda na mfuko wake, na andika umeitoa wapi.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo: uwiano wa potasiamu na rubidiamu. Atomu ya rubidiamu inakaribiana kwa ukubwa na ya potasiamu, hivyo huiba nafasi yake ndani ya feldispa na ulanga. Kadiri uji ulivyochujwa zaidi, ndivyo rubidiamu inavyozidi. Tuseme feldispa yako ina potasiamu asilimia 9, yaani sehemu 90,000 kwa milioni. Rubidiamu ikiwa 400, uwiano ni 225, mwamba wa kawaida kabisa, hamia kwingine. Ikiwa 3,000, uwiano ni 30, na hapo inafaa kuanza kufikiria mitaro. Uwiano wa chini hivyo hauthibitishi kwamba kuna lithiamu. Unasema tu kuwa uji ulichujwa sana. Mimi ningeuamini huo kuliko rangi yoyote ya jiwe.

Dalili za macho zipo pia. Turmalini nyeusi peke yake ni ya kawaida, ya kijani au waridi inatia moyo. Spodumeni, ambayo ni madini yenye lithiamu, hudanganya kwa kufanana na feldispa, lakini ni mabapa marefu yanayopasuka kama vibanzi, na ni nzito kidogo: uzito wake ni takriban mara 3.1 hadi 3.2 ya maji, wakati feldispa ni 2.6 hivi.

Leseni ni lazima, hata kama shamba ni la babu. Ofisi za Tume ya Madini zipo, nendeni.

MASWALI

Mkuu, nimepima kwa ile bunduki ya eksirei, mashine ya mkononi ya kupima elementi za jiwe, lithiamu haikuonekana kabisa. Niache?
Usiache. Mashine hiyo haioni lithiamu wala berili, ni elementi nyepesi mno kwake. Itumie kupima potasiamu na rubidiamu ya feldispa, kisha peleka sampuli chache maabara. Kama unatafuta tantalamu au bati pia, omba sampuli iyeyushwe kwa peroksidi ya sodiamu, maana asidi hazimalizi madini hayo.

Huku Haneti tuna jiwe la kijani, zuri sana. Nalo ni la pegmatiti?
Hapana, dada. Kama ni krisopresi, kito cha kijani cha jamii ya kwatzi, ukijani wake unatokana na nikeli, na nikeli hiyo imetoka kwenye miamba myeusi yenye magnesiamu nyingi iliyooza. Kanuni za leo hazihusiki huko.

Urani ya Bahi nayo imetoka kwenye itale?
Asili yake ndiyo huko. Maji huiyeyusha kutoka kwenye itale, huibeba hadi mbugani, na jua linapoyakausha urani hubaki kwenye udongo na chokaa. Usiitafute ndani ya mshipa.

Mzee wangu, mnunuzi anataka koltani, yale mawe meusi yenye tantalamu. Nitaitofautishaje na turmalini nyeusi?
Kwa uzito kwanza. Vipande viwili vya ukubwa mmoja, koltani itakuelemea mkono: ni mara 5 hadi 8 ya maji, turmalini ni 3 na kidogo. Turmalini ina mistari ya urefu na ukiikata kwa upana unaona umbo la pembetatu yenye pande zilizovimba. Angalia pia isije ikawa magnetiti. Hiyo sumaku huivuta kwa nguvu. Na usiitwange ndani ya nyumba, vumbi la kwatzi linaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Koltani nyingine ina urani na toriamu ndani yake, kwa hiyo kabla ya kusafirisha mzigo, ulizia kipimo cha mionzi kwa Tume ya Nguvu za Atomiki.