SOMO: Kusali Minara Miwili, Zanzibar (soma lote ndipo uulize)

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila sikukuu ikikaribia napata ujumbe uleule: "Mzee, nakuja Unguja, nielekeze lile kanisa la soko la watumwa, nataka kusali Misa." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Tuelewane kwanza. Kanisa lililo penye soko la watumwa liko Mkunazini, nalo ni la Waanglikana. Lilijengwa enzi za Askofu Edward Steere, baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Nenda ukalione, lina historia nzito, ila hutakuta Misa ya Kikatoliki pale. Kanisa Kuu la Katoliki ni la Mtakatifu Yosefu, upande wa Shangani. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, mwaka 1893 hadi 1898. Mjini ukitaja Mtakatifu Yosefu watu watakukodolea macho. Sema Minara Miwili.

1. Mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, wake kwa waume. Mtandio au kanga kwenye mkoba haina uzito.

2. Saa za Misa. Sitaziandika. Zinabadilika Kwaresima, zinabadilika sikukuu, na kuna watu wanahifadhi ratiba za zamani kwenye simu halafu wanalaumu parokia. Fika siku moja kabla, soma tangazo mlangoni au uliza ofisi ya parokia.

3. Kufika. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Ukiwa kwenye boti unaiona minara yote miwili imesimama juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, unajiambia kazi imekwisha. Ukishaingia vichochoroni huioni tena. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba, na unaweza kupita hatua chache tu kutoka kanisani usijue. Kutoka bandarini fuata ufukwe, upite Forodhani na Ngome Kongwe, uingie Shangani, kisha uliza mwenye duka, si kijana anayekufuata. Papasi, yaani kijana huyo anayejipa kazi ya kuongoza watalii, akisikia neno "kanisa" anakupeleka Mkunazini moja kwa moja, maana ndiko watalii wanakotaka kwenda siku zote. Hana nia mbaya. Ila wewe utafika Misa iko kwenye mahubiri, tena jasho linakutoka. Ramani ya simu nayo usiiamini sana humo ndani, inaruka kutoka kichochoro hiki hadi kile. Pita njia hiyo jioni ya kuamkia siku ya Misa, mchana bado kweupe, uijue kwa miguu yako.

4. Mlango. Siku isiyo na Misa mlango mkubwa mara nyingi hufungwa. Zunguka nyuma, upite uani, upige hodi kwa adabu. Anayekufungulia anakufanyia hisani, usimwamrishe.

5. Ndani. Maji ya baraka, ishara ya msalaba, piga goti kuelekea Tabernakulo (kisanduku kinachotunza Ekaristi), tafuta kiti. Viti vya mbele vina wenyewe, hasa kwaya ikiwa imejaa. Kabla Misa haijaanza inua macho: kuta zimechorwa matukio ya Agano la Kale, na vioo vya rangi vililetwa kutoka Ufaransa. Mimi hupenda kulitazama asubuhi, mwanga ukiwa bado mpole.

6. Komunyo. Mkatoliki aliye tayari apokee. Saa moja kabla usile wala usinywe chochote isipokuwa maji na dawa. Asiye Mkatoliki abaki kitini, hakuna atakayemtazama vibaya. Sasa sikilizeni wageni: ukipokea mkononi, kula Hostia (mkate wa Komunyo) palepale mbele ya mhudumu. Usitembee nayo, usiitie mfukoni "nikampe mgonjwa nyumbani", usimmegee mwenzio. Wahudumu watakufuata hadi kitini, na wana haki. Mgonjwa ana utaratibu wake, mwambie padre.

7. Picha. Si wakati wa Misa. Baada ya Misa omba ruhusa.

8. Mtaani. Ukitoka kanisani uko kwenye mji wa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Salimia watu.

Maswali karibuni.

---

Deo_Ubungo: Asante mzee. Kiingilio shilingi ngapi?

Mzee wa Kengele: Misa haina kiingilio. Uliyoyasikia ni ya Mkunazini, wanatoza kuona maonyesho na vyumba vya chini. Nimeeleza tofauti kabla hata ya hatua ya 1.

Deo_Ubungo: Sawa, na Misa ya kwanza saa ngapi?

Mzee wa Kengele: Hatua ya 2.

MamaNeema: Milele amina. Mume wangu ni Mwislamu, angependa kukaa nami na watoto wakati wa Misa. Haitakuwa shida?

Mzee wa Kengele: Karibuni sana, mama. Akae nanyi. Watu wakisimama anaweza kusimama kwa heshima, wakipiga magoti abaki ameketi, hakuna anayemdai zaidi. Kaeni pembeni karibu na mlango, mtoto akilia iwe rahisi kutoka. Na kama mnataka kuombea ndoa au marehemu wa familia, wahini ofisini mweke nia ya Misa mapema. Msisubiri padre akiwa tayari amevaa.

Frank_T: Mimi Mlutheri. Mungu si mmoja? Kwa nini nisipokee?

Mzee wa Kengele: Mungu ni mmoja. Utaratibu wa Komunyo sikuutunga mimi. Ukitaka kujadili, padre yupo baada ya Misa, ana subira kuliko mimi.

Njeri wa Thika: Swali la historia, mzee. Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza. Wafaransa walifikaje kujenga kanisa kubwa hivyo?

Mzee wa Kengele: Swali zuri, binti. Walifika kabla Waingereza hawajaanza kutawala. Padre Fava alitoka kisiwa cha Réunion akashuka Unguja Desemba 1860, enzi za Sultani Majid. Mwaka 1863 Shirika la Roho Mtakatifu likachukua kazi, na 1868 wakaanzisha misheni Bagamoyo, wakiwapokea watumwa waliokombolewa. Himaya ya Waingereza imekuja 1890, mapadre wameshazoeleka. Na wewe wa Thika una sehemu yako hapa: mwaka 1899 wamisionari hawahawa walifungua misheni ya St. Austin's, Nairobi. Jimbo Kuu la Nairobi limetokana na Vikarieti ya Zanzibar, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo. Jimbo la Zanzibar lenyewe kama lilivyo leo ni la mwaka 1980. Kwa hiyo ukisali Minara Miwili unasali kwa mama mzazi.

Njeri wa Thika: Sikujua kabisa! Na waumini wa zamani walikuwa akina nani?

Mzee wa Kengele: Wagoa, yaani watu wa Goa kule India, walikuwa wengi, makarani na wafanyabiashara. Siku hizi wengi ni watu wa bara waliokuja kikazi. Ukikuta mzee wa Kigoa baada ya Misa, msalimie na umpe nafasi aongee.

Kasisi Mtarajiwa: Nikilala Dar kabla ya kuvuka, nasali wapi? Lile la vigae vyekundu pale bandarini?

Mzee wa Kengele: Vigae vyekundu ni Azania Front, la KKKT, yaani la Walutheri. La kwetu ni Mtakatifu Yosefu pia, lipo palepale Sokoine Drive, lilijengwa na Wajerumani 1897 hadi 1902. Kutoka hapo hadi boti ni kutembea tu.

Rehema_K: Nyongeza kutoka kwa mtu anayetapika kila safari: kipindi cha upepo wa kusi bahari inachafuka. Kaa chini, katikati ya boti, si mbele. Tangawizi inanisaidia.

Mzee wa Kengele: Kweli. Na atakayerudi Jumapili asikate tiketi ya boti ya asubuhi. Kukiwa na Kipaimara au ubatizo, Misa inachukua zaidi ya muda wa saa mbili na hakuna atakayekusubiri bandarini.