Somo: Waipa zimegoma? Pima eathi kabla hujanunua mota

Mvua za kwetu hazibishi hodi. Unatoka Mtwara mjini jua linawaka, ukikaribia Mnazi Mmoja kioo chote kimekuwa cheupe kwa maji, unawasha waipa na hakuna kinachosogea. Hapo ni kuegesha tu na kusubiri. Ndiyo maana nawaomba kazi hii muifanye sasa, kabla Novemba haijaingia, gari likiwa kivulini na wewe una muda.

Huku pwani adui wa kwanza ni chumvi. Gari linalolala Shangani au Mikindani linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na kutu huanzia kwenye eathi, yaani pale waya ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri inapofungwa kwenye bodi. Mota nyingi za waipa zinazotupwa hapa kwetu ni nzima kabisa. Inaniuma, kwa sababu hiyo ni hela ya mtu.

Unahitaji mita ya kupima volti (ya bei rahisi inatosha), taa ya kupima ya volti 12, spana namba 10, msasa na waya kidogo. Na tafadhali: funguo ikiwa imewashwa, usiingize vidole kwenye vyuma vya waipa. Mota ile ina gia ndani, ina nguvu kuliko umbo lake, na ikipata umeme ghafla haikungojei utoe mkono.

Hatua ya 1: Sikiliza. Washa funguo, weka waipa mwendo wa pole, fungua boneti. Mota ikilia lakini mikono ya waipa haiendi, huo si umeme: nati ya mkono imelegea au kiungo kimechomoka. Ikiwa kimya kabisa, au inajivuta kama mgonjwa, endelea.

Hatua ya 2: Fyuzi. Usiitazame kwa macho tu. Gusa ncha zote mbili za mgongoni kwake kwa taa ya kupima, funguo ikiwa imewashwa. Taa iwake pande zote. Magari mengi hutumia fyuzi ya ampea 20 hadi 30, na namba imeandikwa kwenye kifuniko. Ikiwa imekatika, chomoa plagi ya mota, weka fyuzi mpya ya namba ileile, washa swichi. Ikikatika tena, kuna waya iliyochubuka inagusa bodi, au swichi ina shoti. Isipokatika, mwizi ni mota au vyuma vyake vilivyoganda. Usiizibe kwa waya wala karatasi ya sigara. Kazi ya fyuzi ni kukatika yenyewe ili waya za ndani ya dashibodi zisiungue.

Hatua ya 3: Umeme kwenye plagi. Plagi ibaki imechomekwa. Ingiza ncha moja ya mita kwa nyuma yake, nyingine iguse hasi ya betri. Kwenye michoro ya Toyota nyingi utakuta +1 ni mwendo wa pole, +2 ni kasi, B ni umeme wa kudumu funguo ikiwashwa, +S ni ya kurudisha waipa mahali pake, E ni eathi. Swichi ikiwa kwenye pole, +1 iwe karibu na volti 12. Hakuna kitu? Rudi nyuma kwenye swichi, au rilei (swichi inayowashwa na umeme) kama gari lako linayo. Ipo na mota kimya au inajivuta? Twende hatua ya 4.

Hatua ya 4: Eathi. Hapa tulieni. Mwaka jana ililetwa Noah kutoka Tandahimba, mwenyewe ameshanunulishwa na fundi mmoja mota mbili za mtumba, na waipa bado zinajivuta. Betri ilikuwa na volti 12.5. Nilipima kutoka +1 hadi hasi ya betri: 12.1. Safi. Kisha, waipa zikiwa zimewashwa, nikaweka ncha moja kwenye bodi ya mota na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikasoma 7.8. Maana yake mota ilikuwa inaishi kwa volti 4.3 tu, zilizobaki zinaliwa njiani. Nikaifuata waya ya eathi mpaka kwenye bolti yake, nikaifungua: chini ya pete kulikuwa na unga wa kijani, na bati limekuwa kahawia. Msasa, grisi kidogo, nikaikaza. Mita ikashuka hadi 0.1 na waipa zikaruka. Yule mzee alisimama akizitazama bila kusema neno. Alikuwa anazihesabu zile mota mbili.

Kipimo hiki kifanyike swichi ikiwa imewashwa na plagi imechomekwa. Waya yenye kutu itaipa mita volti 12 bila shida, kwa kuwa mita haivuti kitu. Ikitakiwa kupitisha ampea za mota ndipo inaposhindwa. Ukiona zaidi ya 0.5, safisha eathi.

Hatua ya 5: Mota peke yake. Chomoa plagi. Toa chanya kwenye betri kupitia fyuzi, peleka pini ya +1. Hasi ipeleke E au kwenye bodi ya mota. Ikikaa kimya sasa, nunua nyingine kwa moyo mweupe.

Maswali

Newala: Shikamoo fundi. Yangu kasi inafanya kazi, pole haifanyi.

*Marahaba. Ndani ya mota kuna brashi tatu, vipande vya kaboni vya kupitisha umeme: moja ya pamoja, moja ya pole, moja ya kasi. Weka swichi kwenye pole, pima +1. Volti 12 zipo na mota kimya, brashi ya pole imekwisha. Hazipo, ni swichi au waya yake.*

Nachingwea: Nikizima zinabaki katikati ya kioo, mpaka nivizie zikifika chini ndiyo nizime.

*Kuna sahani ndogo ya shaba kwenye gia ya mota, ndiyo inayoendelea kutoa umeme mpaka mikono irudi nyumbani. Zikiwa zimesimama katikati, swichi imezimwa na funguo imewashwa, pima B kwanza. Kama haina umeme, tafuta waya iliyokatika. Kama B inao na +S haina, fungua kifuniko cha gia usafishe sahani. Zote zikiwa nao, shida iko kwenye swichi.*

Lindi mjini: Kaka, zinafanya dakika chache, zinakata, baadaye zinaanza zenyewe. Fyuzi nzima.

*Mota nyingi zina kinga ya joto ndani. Ikichemka inajikata, ikipoa inarudi. Tenga mota na vyuma, uvizungushe kwa mkono. Vikiwa vigumu, vitie grisi kwenye viungo. Vikiwa laini, rudia hatua ya 4.*

Mtwara, Chikongola: Gari yangu inalala chini ya mkorosho. Nimefungua, mota imelowa.

*Majani yameziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo, kwa hiyo maji yanasimama pale. Zoa majani, mwaga kikombe cha maji uone yanatokea wapi chini ya gari. Kisha fungua plagi, ikaushe, kwangua ukijani kwenye pini. Na ukiweza, hamisha gari, maana mkorosho utamwaga tena wiki ijayo.*