Kusawazisha kabureta na throtoli bodi za pikipiki ukiwa nyumbani

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia rafiki ambaye pikipiki yake ya silinda nne ilikuwa ikitetemesha usukani na kugugumia kila alipoanza kuondoka. Alikuwa amekwisha kubadilisha plagi na kusafisha kabureta mara mbili, lakini hakuwa amezisawazisha, yaani kuhakikisha kwamba silinda zote zinavuta hewa kwa kiasi kimoja wakati akseleta imeachiwa.

Hatua ya 1: Matayarisho

Pima kwanza nafasi za vali, kwa sababu vali iliyobana hupunguza mvuto wa silinda yake (nguvu yake ya kunyonya hewa), nawe utajikuta unageuza skrubu ya kabureta ili kuficha kosa lililo kwingine. Endesha pikipiki hadi injini ipate moto wake wa kawaida, kisha ifanyie kazi mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni. Weka feni mbele ya injini, maana pikipiki iliyosimama haipozwi na upepo wa mwendo.

Hatua ya 2: Petroli

Inua tangi au litoe, na utumie chupa ndogo ya petroli iliyotundikwa juu ya kabureta, mbali na bomba la moshi. Ikiwa koki ya tangi hufunguliwa kwa mvuto wa injini, ziba mpira wake mdogo ulioutoa, la sivyo silinda hiyo itanyonya hewa ya nje na vipimo vyake vyote vitakuwa vya uongo.

Hatua ya 3: Kifaa cha kupimia

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. Nilikuwa na seti ya geji nne za kupima mvuto, ambazo mipira yake huunganishwa kwenye tundu dogo la njia ya hewa ya kila silinda, nikazisawazisha kabureta hadi mishale yote ikasimama mahali pamoja, na injini ikazidi kuwa mbaya kuliko nilivyoianza. Nilirudia kazi mara tatu kabla ya kufikiria kubadilishana mipira ya geji mbili. Tofauti ilihama pamoja na geji, wala haikubaki kwenye silinda. Tangu siku hiyo sigusi skrubu yoyote kabla ya kuziunganisha geji zote, moja baada ya nyingine, kwenye silinda ileile na kuandika kila moja inasoma nini. Kagua pia ncha za mipira, kwa sababu mpira uliopasuka kidogo hushusha kipimo na kukufanya ulaumu kabureta isiyo na kosa. Mshale ukichezacheza mno, ubane mpira kidogo hadi utulie, lakini usiubane kiasi kwamba mshale unaganda na kuacha kufuata injini.

Kwa kweli mimi nimeziacha geji. Natumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 4 hivi, uliofungwa kwenye ubao kwa umbo la U na kutiwa oili ya injini za viharusi viwili katika sehemu ya chini. Kila ncha huingia kwenye tundu la silinda moja, na oili hupanda upande wenye mvuto mkubwa zaidi. Kwa kuwa oili ni ileile pande zote mbili, hakuna geji ya kushuku. Tena kifaa hiki ni chepesi mno kuhisi tofauti: baadhi ya vitabu vya matengenezo huruhusu tofauti ya milimita 20 za zebaki (kizio cha kupimia mvuto), ambazo kwenye oili huonekana kama takriban sentimita 30. Usitumie zebaki yenyewe, kwa sababu mvuke wake ni sumu.

Hatari yake ni kwamba kabureta zikiwa zimetofautiana sana, injini itainyonya oili yote. Kwa hiyo weka chupa tupu yenye kifuniko kisichopitisha hewa kwenye mpira wa kila upande, kati ya oili na injini, washa injini ukiwa umebana mpira kwa vidole, kisha uachie polepole huku mkono mwingine ukiwa kwenye swichi ya kuzimia.

Hatua ya 4: Kusawazisha

Silinda yenye mvuto mkubwa ndiyo ambayo kipepeo chake (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kimefungika zaidi. Kwa kabureta nne zilizopangwa safu moja, kwa kawaida husawazishwa ya 1 na ya 2, kisha ya 3 na ya 4, na mwisho skrubu ya katikati inayounganisha jozi hizo mbili. Geuza kidogo sana, vuta akseleta mara moja uiachie, subiri oili itulie, ndipo usome. Ikiwa skrubu ina nati ya kufungia, soma tena baada ya kuikaza, kwa sababu kukaza kwenyewe huhamisha kipimo. Rudisha kasi ya injini kwenye kiwango cha kitabu kila inapobadilika.

Hatua ya 5: Throtoli bodi

Throtoli bodi ni sehemu yenye kipepeo cha hewa kwenye injini za sindano, zinazonyunyiziwa petroli badala ya kutumia kabureta. Kwenye nyingi ya injini hizo hurekebishwa skrubu ndogo za hewa inayopita pembeni mwa kipepeo, wala si vipepeo vyenyewe. Hesabu mizunguko ya kila skrubu kabla ya kuigusa, na uiache ile ambayo kitabu kinaitaja kuwa ya msingi. Skrubu ya kusimamishia kipepeo iliyopakwa rangi kiwandani usiifungue kamwe.

Ukimaliza, rudisha vifuniko vya matundu yote, kisha geuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa inawaka. Kasi ikipanda, waya wa akseleta umebana.