Ukifukuzwa Jeshi la Marekani, Karatasi Haitajibadilisha Yenyewe

Kuna uongo mmoja unaozunguka kwenye kambi za jeshi la Marekani, na vijana wetu wanaumeza mzima mzima: kwamba ukiachishwa kwa utovu wa nidhamu, baada ya miezi sita cheti chako kinapanda daraja chenyewe. Wengine husema mwaka. Mimi niliambiwa hivyo na mtu aliyeniwekea karatasi mezani, akaniambia nitie sahihi niende zangu. Nikatia, nikangoja. Hakuna kilichokuja, na hakuna kinachokuja. Hakuna ofisi yoyote Marekani inayokaa ikihesabu miezi yako ili ikutumie cheti kipya. Usipoomba, utazeeka na karatasi ile ile.

Nawaandikia Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongo na wenzetu wote waliovaa magwanda ya nchi hii, wawe waliingia kwa green card ya bahati nasibu au kwa mpango wa MAVNI uliofungwa mwaka 2016, ambao ulitafuta watu wa lugha maalumu na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Wenye tatizo hili tuko wengi kuliko tunavyokiri. Aliyeachishwa vizuri utamwona kwenye kila sherehe na picha yake ya sare; aliyeachishwa vibaya haonekani hata kanisani.

Kwanza jua umeshika nini. Chukua DD 214 yako, yaani cheti chako cha kuachishwa jeshini, ile nakala ndefu inayoitwa Member 4, maana nakala fupi huficha sehemu muhimu. Angalia kisanduku cha 24. Kuna daraja la heshima kamili. Kuna la pili, wanaloliita General, ambalo bado liko chini ya masharti ya heshima. Halafu kuna OTH (Other Than Honorable), yaani chini ya masharti yasiyo ya heshima, ambalo ndilo linalotuangukia wengi. Chini ya hapo ni yale mawili yanayotolewa na mahakama ya kijeshi. Angalia pia visanduku vya 26, 27 na 28, kwa sababu sababu ya kuachishwa na namba ya kuruhusiwa kurudi jeshini vimeandikwa hapo, na unaweza kuomba navyo virekebishwe. Kama karatasi imepotea, jaza fomu SF 180 uitume kwenye hifadhi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis, Missouri, na uombe faili lako lote la utumishi pamoja na la matibabu. Hailipiwi.

Sasa kuhusu mimi, ili mjue naongea kutoka wapi. Baba alifariki muda mfupi baada ya mimi kurudi kutoka Afghanistan. Nilipewa ruhusa ya dharura nikaenda kuzika. Matanga yetu mnayajua. Mazishi yalisogezwa kumngoja mjomba, baada ya mazishi kukawa na kikao cha shamba, baada ya kikao mama akaugua, na kila nikishika begi wazee wananiambia, "Kaa kidogo, hao Wazungu ni watu, wataelewa." Wazee wangu, nawaheshimu, lakini jeshi halina "kaa kidogo". Askari akipitisha siku 30 bila ruhusa anaondolewa kwenye orodha ya kikosi na kuandikwa mtoro, na hati ya kukamatwa inatolewa. Akifikisha siku 180 mfululizo, sheria yenyewe inamfungia mafao ya maveterani mpaka athibitishe kwamba alikuwa na sababu nzito. Ndugu mkiwa na kijana jeshini, akiwaambia tarehe ya kurudi, mpelekeni uwanja wa ndege. Mambo ya shamba yatamkuta kwa simu.

Nilirudi mwenyewe nikajisalimisha. Nikawekewa mbele mambo mawili: mahakama ya kijeshi, au niombe kuachishwa badala ya mahakama. Jeshi la nchi kavu huiita njia hiyo Chapter 10, na mara nyingi mwisho wake ni OTH. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa hiyo soma polepole. Unapewa haki ya kuonana na wakili wa kijeshi bila malipo. Muone. Unachoka, umelala wiki kadhaa kwenye bweni la watu wenye kesi, unataka kutoka tu, na kila mtu anakwambia ni karatasi ya kawaida, itapanda yenyewe. Lakini ndani ya ombi lile lile la Chapter 10 kuna sentensi unayotia sahihi ikisema kwamba unaelewa hakuna kupandishwa daraja kwa moja kwa moja. Iko hapo, kwa Kiingereza cha wazi, katikati ya aya ambazo hakuna anayekusomea. Miezi sita ni uongo. Mwaka ni uongo. Anayekwambia hivyo akiwa na nyota ngapi begani, bado ni uongo.

Na ubaya wa uongo huu ni kwamba unakula muda. Zipo bodi mbili. Ya kwanza ni bodi ya mapitio ya kuachishwa, inayoombwa kwa fomu DD 293, na mlango wake unafungwa miaka 15 tangu siku uliyoachishwa. Ukichelewa, bodi hiyo haina tena mamlaka ya kukusikiliza, hata ulie machozi ya damu. Ya pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, kwa fomu DD 149. Hii ina miaka mitatu tangu ugundue kosa, ila inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na mara nyingi hutazama uzito wa kesi yenyewe kabla ya kukataa. Kama uliachishwa na mahakama kuu ya kijeshi, bodi ya kwanza haikuhusu. Nenda moja kwa moja kwa ya pili. Wengine wote mlio ndani ya miaka 15 anzeni na ya kwanza, maana ya pili itakuuliza kwa nini hukupita kule. Kila jeshi lina bodi zake, na wanamaji wa Marines huenda kwenye bodi za Navy.

Kuna jambo la mpangilio ambalo limewaponza watu. Kwenye DD 293 unachagua kama bodi isome faili lako tu au ikusikilize ana kwa ana, ambayo siku hizi hufanyika hata kwa video. Chagua kusomewa faili kwanza. Ukikataliwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa, mradi uko ndani ya miaka 15. Ukianza na kusikilizwa, nafasi ya kusomewa faili imepotea. Yaani una nafasi mbili, na kisanduku kimoja ukikitia alama vibaya kinakuachia moja. Na usiogope kwamba bodi itakushusha zaidi. Hairuhusiwi kukupa daraja baya kuliko ulilonalo.

Nije sasa kwenye barua za kuipelekea bodi, maana hapa ndipo malezi yetu yanapotuangusha. Sisi tukikosea tunaenda kwa mkubwa kwa unyenyekevu, tunainamisha kichwa, tunaleta mzee wa kutuombea, na mkubwa anasamehe kwa sababu amepewa heshima yake. Bodi hii haiendi hivyo. Inaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifuata utaratibu, na kazi ya kuonyesha vinginevyo ni yako. Unatakiwa uonyeshe moja kati ya mambo mawili, au yote: kwamba taratibu zilikiukwa, au kwamba adhabu haikuwa ya haki ukitazama utumishi wako wote na hali uliyokuwa nayo. Kuomba mafao peke yake si sababu. Kusema una watoto wanaosoma si sababu. Wajumbe wa bodi wanasoma karatasi.

Dada yangu alipoombwa barua ya ushahidi, aliandika mara ya kwanza kwamba mimi ni mtu mwema, mcha Mungu, nimelelewa vizuri, na familia inaomba msamaha wenu watukufu. Barua ya upendo kabisa, na haina msaada hata chembe. Nikamwomba aandike alichokiona tu. Akaandika kwamba katika matanga nililala sakafuni nyuma ya mlango huku kitanda kimetandikwa; kwamba trekta ya jirani ilipopiga mshindo nilijitupa chini kwenye mahindi mbele ya wageni; kwamba nilikuwa nakunywa kabla ya jua kuchomoza, mimi ambaye nilikuwa sinywi; akataja tarehe, akaambatanisha kibali cha mazishi na programu ya ibada yenye tarehe. Ukurasa mmoja. Barua hiyo ndiyo iliyonijengea kesi.

Sababu ni hii. Tangu 2014 Pentagon imetoa maelekezo ya kuzitaka bodi zitazame kwa jicho pana kesi za watu wenye kiwewe cha vita, na maelekezo ya Agosti 2017, yanayojulikana kwa jina la Kurta, yakapanua hilo kwa wenye magonjwa mengine ya akili, jeraha la ubongo, na waliodhulumiwa kingono jeshini. Bodi inajiuliza maswali manne: je, kulikuwa na hali au tukio kama hilo, je, lilitokea au lilikuwepo ukiwa jeshini, je, kweli linaeleza au kupunguza uzito wa kosa, na je, linazidi kosa lenyewe. Panga maelezo yako kwa maswali hayo manne, kwa mfuatano huo huo. Maelekezo yale yanakubali ushahidi wa ndugu, mchungaji, mwenzako wa chumba, na hata vipimo vilivyofanywa miaka mingi baadaye. Julai 2018 yakaja mengine yanayoruhusu bodi kuangalia haki kwa ujumla na maisha yako baada ya jeshi: kazi, kodi, kujitolea, kuacha pombe.

Lakini kesi inapata nguvu zaidi ukiwa umeenda kwa daktari, na hapa tunakwama. Kwetu mtu akisema haoni usingizi anaambiwa aombe, au aoe. Nimewaona vijana wa kwetu waliotoka Iraq wakikataa katakata kuonana na mshauri kwa sababu eti mama ataambiwa mtoto amerukwa na akili. Mama haambiwi. Nenda. Sheria ya 2018 inawaruhusu wengi wenye OTH waliokuwa vitani, au waliodhulumiwa kingono, kupata huduma za afya ya akili VA, ile idara ya serikali inayohudumia maveterani, hata kabla cheti hakijabadilika.

Kuhusu ushahidi wa nyumbani: barua ya chifu yenye muhuri ni nzuri lakini ni nyongeza. Kinachobeba uzito ni kitu kilichoandikwa wakati ule ule: cheti cha kifo, kadi ya hospitali ya mama, tiketi ya ndege, ujumbe wa simu uliomtumia sajini wako. Hati ya kiapo mnajua pa kuipata. Kilichoandikwa kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani kitafsiriwe, na mtafsiri atie sahihi kwamba tafsiri ni sahihi.

Nchi hii ina jambo ambalo bado linanisumbua. Tarehe 11 Novemba mikahawa inagawa chakula bure kwa maveterani, mtu asiyekujua anakushika mkono dukani akushukuru kwa utumishi wako. Nadhani shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini imejengwa juu ya karatasi. Mtu huyo huyo akiwa nyuma ya dawati la ajira, akaona neno lililo kwenye kisanduku cha 24, shukrani inaishia hapo, na hakuulizi Afghanistan ulifanya nini. Kwetu mtu anajulikana kwa watu wake, huku anajulikana kwa faili lake. Sioni kama ni haki, lakini ndiyo nchi tuliyoichagua, na faili tunaweza kulirekebisha.

VA pia ina njia yake. Hata ukiwa na OTH unaweza kuomba mafao, nao wataamua wenyewe kama utumishi wako unastahili. Uamuzi huo haubadilishi DD 214, lakini unaweza kukufungulia hospitali. Ukiambiwa mlangoni kwamba wenye OTH hawahudumiwi, usigeuke. Omba kujaza fomu na upewe jibu kwa maandishi. Ila GI Bill, ile fedha ya masomo, inataka daraja la heshima kamili. General haitoshi. Mimi bodi ya kwanza ilinikatalia kwenye faili, ikanipa General baada ya kunisikiliza, na sasa nimewasilisha DD 149 kwa ajili ya kilichobaki.

Waliopata uraia kupitia utumishi wa jeshi wawe waangalifu zaidi. Ukiachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu uraia huo kufutwa. Kabla hujatia sahihi Chapter 10 yoyote, onana na wakili wa uhamiaji, si wa kijeshi tu. Na mwenye green card anayejaza N-400, fomu ya kuomba uraia, aseme ukweli kuhusu jeshi. Hilo swali limo, na wanalo faili lako.

La mwisho ni pesa. Maombi yote mawili hayana ada. Kliniki za sheria za vyuo vikuu kadhaa na mashirika ya maveterani husaidia bure, na kaunti nyingi zina ofisa wa maveterani anayelipwa na serikali. Juzi familia moja ninayoifahamu ilifanya harambee kumlipa bwana anayedai ana mtu wake Pentagon. Jamani, hana mtu. Fedha ile ingetosha vipimo vya daktari wa akili na ripoti yake iliyoandikwa vizuri. Kama tayari mmechanga, mwambieni kijana azipeleke huko, na atume kila kitu kwa njia yenye risiti, abaki na nakala, na akihama nyumba aiarifu bodi anwani mpya siku hiyo hiyo.