Kuchungulia laibrari iliyokompailiwa, bila sosi kodi

Nyie vijana wa Lamu mnaojifunza C, mnakaa pale Mkunguni na hotspoti ya simu mkidaunilodi laibrari ile ile tena na tena kisa linka (ile programu inayounganisha kodi yako na laibrari) imelia "undefined reference", yani haijaona fankisheni unayoiita, hebu okoeni bando. Jibu mara nyingi limo kwenye faili mlonayo tayari, na kama Linux yako ina gcc basi binutils nayo imo, ndo kifurushi chenye zana kama nm, objdump na readelf, yani huhitaji intaneti hata kidogo.

Kwanza piga file libkitu.so ujue ni ya biti 64 ama 32, na ni ya prosesa ya x86-64 ama ARM. Laibrari ya simu haiingii kwa laptopu hata uibembeleze vipi.

Sasa nm, inayoorodhesha simboli, yani majina ya fankisheni na vitu vilivyomo kwenye faili, na hapa ndo penyewe. Kwa .so (laibrari ya dainamiki, huungwa programu ikiendeshwa) andika nm -D libkitu.so, usisahau hiyo -D manake nyingi zimeshapigwa strip, yani zimeondolewa simboli zisizo za lazima, ukiita nm tupu itakwambia "no symbols" nawe uone faili haina kitu, kumbe simboli za dainamiki zimebaki, zisingebaki programu ingeunganaje nayo? Kwa .a (laibrari ya static, kodi yake hunakiliwa ndani ya programu) piga nm bila -D. Kisha soma herufi ilo kabla ya jina. T maana yake fankisheni imo humu humu. U ni deni, inaitwa hapa lakini lazima itoke kwengine. t ndogo ni ya ndani, static, wewe wa nje huipati ng'o. W ni dhaifu, imo lakini nyengine yaweza kuchukua nafasi yake, na hii huwapoteza wengi: jaribu nm -D /lib/x86_64-linux-gnu/libm.so.6 | grep sqrt kwa Ubuntu, mara nyingi utaiona sqrt na W, kwa hivyo ukitafuta T pekee utaapa haimo. Ukishaiona, maliza na gcc main.o -lm, na -lm ikae nyuma ya main.o, mpangilio una maana hasa kwa zile za .a.

Ya C++ majina yatakuja kama _Z5jumlaii, ongeza -C yawe jumla(int, int). Ya C haikupi aina za vigezo, hapo tafuta heda tu (faili ya .h), ama kama una moyo fungua objdump -d usome asembli.

Kujua inategemea laibrari gani nyengine, readelf -d libkitu.so | grep NEEDED. Wengi wanakimbilia ldd, nayo huorodhesha laibrari hizo hizo, ni sawa kwa faili unayoiamini, lakini kitu umetumiwa WhatsApp na mtu humjui usikipigie ldd, kuna hali ambayo huiendesha programu yenyewe. readelf inasoma tu.